Gari linavuta kwa magurudumu manne: matairi ya theluji ya nini tena?

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Nimeendesha gari miaka 12 bila ajali, ila huu ndio msimu wangu wa kwanza wa theluji. Gari langu ni la juu kidogo na linavuta kwa magurudumu yote manne. Matairi yake yameandikwa M+S na meno bado yapo. Mwenzangu mmoja kazini anasema lazima ninunue matairi ya theluji. Mwingine anasema kwa gari kama langu ni kutupa pesa. Huyo anasema nikiwa na wasiwasi sana ninunue mawili tu ya mbele, nipunguze na upepo kidogo, basi. Kila siku alfajiri nakwenda kilomita 40, kuna mlima mmoja na daraja refu. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa baridi. Msikilize huyo wa kwanza. Wa pili ameweka makosa matatu katika ushauri mmoja, na ni yale yale ninayoyasikia kila mwaka theluji ya kwanza inapoanguka, mara nyingi kutoka kwa mtu aliyesimama kando ya mtaro akisubiri gari la kumvuta.

Tuanze na hayo magurudumu manne. Gari la kawaida huvutwa na magurudumu mawili. Lako linagawa nguvu ya injini kwa yote manne, hivyo kila tairi linapewa kazi ndogo na halitelezi kirahisi. Hilo ni kweli kabisa, na siku ya kupanda ule mlima wako utalishukuru. Lakini ni faida ya kuondoka tu. Ukikanyaga breki, gari lolote, hata lile bovu kuliko yote, linafunga breki magurudumu manne. Hapo wewe na mwenye gari la kuvuta mbele mko sawa sawa. Kwenye kona ni hivyo hivyo: kinachokushikilia usitoke nje ya barabara ni mpira unaogusa chini, na kila tairi linagusa chini kwa eneo la ukubwa wa kiganja tu.

Tena gari la namna yako lina ubaya wake, na huu hausemwi dukani. Mwenye gari la magurudumu mawili akitaka kuondoka kwenye barafu, tairi linazunguka bure, linalia, gari halisogei. Ameshaonywa. Lako litaondoka taratibu kama kawaida, litafika kilomita 60 kwa saa bila manung'uniko, nawe utaamini barabara ni nzuri. Ukweli utaujua kwenye kona ya kwanza.

Nikupe hesabu, maana hapa maneno matupu hayatoshi. Mshiko kati ya tairi na barabara hupimwa kwa namba. Lami kavu na tairi zuri ni kama 0.8. Theluji iliyoshindiliwa ni kama 0.2, ikiwa una tairi linalofaa. Barafu ni 0.1, na ikiwa imelowa inashuka chini ya hapo. Sasa chukua mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ukanyage breki kwa nguvu zote. Kwenye lami kavu utasimama baada ya mita 12 hivi, umbali unaozidi kidogo ule wa kutoka alama ya penalti hadi golini. Kwenye theluji iliyoshindiliwa ni karibu mita 50. Kwenye barafu ni karibu mita 100, yaani unaanzia goli moja unasimamia goli la pili. Na hapo sijahesabu ile sekunde moja ya kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki, ambayo kwa mwendo huo ni mita 14 nyingine.

Hesabu hiyo hiyo ina habari njema. Ukipunguza mwendo kwa nusu, umbali wa kusimama haupungui kwa nusu, unabaki robo. Kwenye ile barafu ya mita 100, mtu wa kilomita 25 kwa saa anasimama ndani ya mita 25. Hakuna tairi linalouzwa popote litakalokupa faida ya namna hiyo, na mguu wako unaitoa bure.

Sasa kwa nini tairi la theluji, na si lolote lenye meno? Watu wengi hutazama meno. Mimi nakuomba uanze na mpira wenyewe. Mpira si kitu kimoja. Kila mchanganyiko una baridi yake unapoanza kukakamaa. Ule wa matairi ya kiangazi umetengenezwa ustahimili lami ya moto, na joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi unaanza kuwa mgumu, hata kama hakuna theluji hata chembe. Kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri unateleza kama kisigino cha kiatu cha plastiki kwenye marumaru. Mpira wa tairi la baridi (ndilo hilo hilo la theluji) una mpira asilia mwingi zaidi na silika (siyo ile ya tabia, ni madini yaliyomo kwenye mchanga), na kazi ya vyote hivyo ni kuuweka laini baridi inapozidi. Jaribu mwenyewe: asubuhi ya baridi kali, bonyeza ukucha kwenye tairi la kiangazi, kisha kwenye la baridi. La kwanza linakukatalia. La pili linabonyea, halafu taratibu linarudi.

Ukiwa hapo hapo umeinama, weka vidole gumba viwili juu ya jino moja la tairi la baridi, ulitanue. Utaona linafunguka mistari myembamba kama chale, mingi, imejipinda kama maandishi ya mawimbi. Gari likiwa limesimama huzioni vizuri. Likitembea na breki ikishika, jino linajikunja na kila chale inafunguka na kuwa ukingo mdogo unaokwaruza theluji na kufyonza ule utando wa maji ulio juu ya barafu. Tairi moja lina kingo za namna hiyo mamia kwa mamia. Tairi la kiangazi lina mifereji mikubwa ya kutolea maji ya mvua, lakini chale hizi halina, au linazo chache za urembo.

Na kuna jambo linalowashangaza wengi: tairi zuri la theluji halijisafishi theluji yote. Linaibakiza kwenye mifereji kwa makusudi, kwa sababu theluji hushikana na theluji kuliko inavyoshikana na mpira. Mtoto anayefinyanga donge la theluji analijua hilo bila kufundishwa. Ukishuka ukaona matairi yako yamejaa weupe kwenye mifereji, usihangaike kuyachokonoa. Kilichojaa ndani ya fenda nyuma ya tairi, kikaganda na kuzuia usukani kukata, hicho ndicho cha kugonga kwa teke.

Turudi kwenye M+S yako. Herufi hizo ni za Kiingereza, zinasimama badala ya matope (mud) na theluji (snow), na ndizo zimewaponza wengi. Mtengenezaji anaruhusiwa kuziandika kwa kutazama umbo la meno tu: mifereji ikiwa mipana ya kutosha, basi. Hakuna anayelazimika kulipeleka tairi kwenye theluji kulijaribu. Alama ya kutafuta ni picha ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, imechorwa ubavuni mwa tairi. Hiyo hupewa tairi lililopimwa kwenye theluji iliyoshindiliwa na kulishinda tairi la kulinganishia. Kazunguke gari lako leo ukaangalie. Ukikuta M+S na mlima pamoja, una angalau tairi la misimu yote lililofaulu mtihani, na kwa mahali ambapo theluji huja siku mbili tatu ikayeyuka, linatosha. Ukikuta M+S peke yake, chukulia una tairi la kawaida lenye sura ya ukali.

Hata huo mlima una mpaka wake: unazungumzia theluji, hauzungumzii barafu. Kwa barafu kuna alama nyingine, na lebo za matairi za Umoja wa Ulaya tangu Mei 2021 zinaonyesha picha mbili tofauti, moja ya theluji na moja ya barafu. Ukitaka kujua kwa nini zimetengwa, itabidi uwajue matairi ya baridi kwa kabila zao, maana yapo makabila mawili na muuzaji asiye makini anaweza kukupa lisilo lako.

La kwanza ni la Ulaya ya kati, lililotengenezwa kwa ajili ya barabara zenye mvua, theluji ya majimaji na mwendo wa kasi. Mpira wake ni mgumu kidogo, na herufi ya mwendo mara nyingi ni H, yaani hadi kilomita 210 kwa saa, au V, hadi 240. La pili ni la nchi za Kaskazini, laini mno, lenye chale nyingi zaidi, na herufi zake ni za chini: Q ni 160, R ni 170, T ni 190. Wafini ndio walioanza kazi hii mapema. Tairi lao la kwanza la theluji lilitoka mwaka 1934, kwa ajili ya malori. Ukikaa mahali ambapo barabara inakuwa nyeupe kuanzia Novemba hadi Machi, hili la pili ndilo lako. Ukikaa mahali ambapo baridi maana yake ni mvua ya nyuzi 3 na theluji ya wiki moja, la Kaskazini litakuyumbisha kwenye lami iliyolowa na kuisha haraka. Usinunue tairi laini kuliko yote kwa kudhani ndilo bora kuliko yote.

Halafu kuna lile lenye njumu, vijiti vifupi vya chuma vilivyopandwa kwenye mpira kama viatu vya mchezaji. Hapa ugomvi hauishi, nami nina upande wangu. Barafu mbaya kuliko zote si ya baridi kali. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri barafu ni kavu, ina ukakasi, unaweza hata kutembea juu yake bila kushikilia ukuta. Inayoua ni ile ya nyuzi sifuri, iliyolowa na kung'aa, maana uso wa barafu una utando mwembamba wa majimaji (Michael Faraday alilisema hili mwaka 1850, na wanafizikia wanalijadili mpaka leo), na utando huo huongezeka joto linapokaribia kiwango cha kuyeyuka. Mpira laini peke yake unahangaika hapo. Njumu inatoboa utando na kuuma. Kwa hiyo kama barabara yako ni ya kijijini, haimwagiwi chumvi ya kuyeyusha barafu, na inashinda na barafu msimu mzima, na sheria ya hapo ulipo inaruhusu, nunua yenye njumu bila kusitasita. Kama inasafishwa na kumwagiwa chumvi kila alfajiri, utakuwa unakimbiza chuma juu ya lami tupu: kelele, breki mbaya kuliko tairi la kawaida la baridi, na vumbi la lami linaloingia mapafuni mwa watu. Japani ilitunga sheria ya kuyapiga marufuku mwaka 1990 kwa sababu ya vumbi hilo. Ujerumani kwa kawaida hayaruhusiwi. Uswidi, Norwei na Ufini yanaruhusiwa kwa msimu. Ukiyanunua mapya, kilomita 500 za kwanza nenda kwa upole, bila kuondoka kwa kishindo wala breki za ghafla, ili njumu zikae vizuri kwenye mashimo yake. Ukizing'oa wiki ya kwanza usije kunilaumu.

Kuhusu kununua mawili: hapana. Hapa sisemi kwa nadharia. Niliwahi kuwa abiria kwenye gari la kuvuta mbele, mbele kuna matairi mapya ya theluji, nyuma ya kiangazi. Mwenyewe alikuwa anayasifia njia nzima, na kweli yalikuwa yanavuta vizuri. Tukashuka kilima, kona ya kulia, mwendo labda kilomita 40. Akaona kona imebana, akaachia mafuta. Hakukanyaga hata breki. Mbele ikashika vizuri kama alivyoahidi, na nyuma, isiyoshikwa na kitu, ikatupita. Tulipotulia nilikuwa natazama kupitia kioo cha mbele alama za matairi yetu wenyewe zikishuka kilima kutufuata. Hakuumia mtu kwa sababu hapakuwa na gari lingine. Ukifanya kinyume chake, mazuri nyuma na ya kiangazi mbele, utakata usukani na gari litakwenda moja kwa moja kama halijakusikia. Na kwa gari lako kuna hasara ya ziada: matairi ya mbele na nyuma yakitofautiana kimo hata kidogo, mfumo unaogawa nguvu unalazimika kufanya kazi bila kupumzika, unapata moto, na kuutengeneza kunazidi sana gharama ya yale matairi mawili uliyoona unaokoa. Manne, aina moja, umri mmoja.

Upepo sasa. Ushauri wa kupunguza upepo umetoka kwenye mchanga na matope, na kule una maana, kwa sababu unataka tairi lilale na kuelea. Barabarani, tairi lenye upepo mdogo linabonyea katikati, chale zinajifunga badala ya kufunguka, na kwenye theluji ya majimaji linapanda juu ya maji. Isitoshe baridi yenyewe imeshakupunguzia. Kila joto linaposhuka nyuzi 10, tairi linapoteza kama psi 1.5 (psi ndicho kipimo cha upepo). Ukijaza upepo ndani ya gereji yenye joto la nyuzi 20, kisha gari likalala nje kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, asubuhi utakuta pungufu ya psi 4 au 5 bila tundu lolote. Pima alfajiri kabla hujaondoka, fuata namba iliyoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, na upime angalau mara moja kwa mwezi.

Ukienda kununua, usitazame sura tu. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa mstari unaoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Ikiwa ni 3823, tairi lilitengenezwa wiki ya 38 ya mwaka 2023. Tairi la baridi linazeeka vibaya kuliko mengine, maana uzuri wake wote ni ulaini, na ulaini unatoka taratibu hata likiwa limekaa stoo. Likifika miaka 6 nalitilia shaka hata kama meno yamejaa, na lililotumika la miaka 8 unalopewa kwa bei ya kutupa, liache hapo hapo. Meno mapya huwa na kina cha milimita 8 au 9. Sheria za nchi nyingi zinataka milimita 1.6 kwa tairi la kawaida, lakini kwenye theluji kiwango hicho ni sawa na kipara. Chini ya milimita 4, liondoe. Baadhi ya matairi yana kijialama chenye umbo la chembe ya theluji ndani ya mfereji. Meno yakiisha hadi kufika hapo, tairi limemaliza kazi yake ya baridi.

Fundi akishafunga, kagua mshale wa mzunguko ubavuni. Tairi lenye mshale likifungwa kinyume, mifereji inasukuma maji ndani badala ya kuyatoa, nami nimeshayakuta hivyo kwenye magari yaliyotoka kwa fundi saa hiyo hiyo. Ukitembea kilomita 50 hadi 100, kaza nati upya.

Sheria ziangalie za mahali ulipo, kwa sababu zinatofautiana sana na bima huzitazama kabla ya kukulipa. Quebec, Kanada, matairi ya baridi ni lazima kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, theluji iwepo isiwepo. Uswidi ni tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi, barabara inapokuwa na hali ya baridi, na meno yasipungue milimita 3. Austria wanataka milimita 4. Ujerumani hawana tarehe. Wanatazama hali ya barabara, lakini tangu Oktoba 2024 hiyo M+S yako peke yake haihesabiki tena kuwa tairi la baridi.

Nimekuacha na safari yako ya alfajiri, na kwa kweli ndiyo iliyonifanya nijibu kwa kirefu. Alfajiri ndiyo saa ya baridi kuliko zote, na chumvi ya kawaida ya barabarani inaishiwa nguvu joto likikaribia nyuzi 10 chini ya sifuri, kwa hiyo usiione imemwagwa ukastarehe. Kabla ya siku ya kwanza, tafuta uwanja mtupu wenye theluji, usio na nguzo wala watu, uende kilomita 30 kwa saa, ukanyage breki mpaka mwisho. ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki, itaupiga mguu wako kutoka chini, tagadaga tagadaga, na sauti kama kitu kinasagika. Dereva asiyewahi kuisikia hushtuka na kuachia pedali, na kuachia ndiko kunakomgonga. Rudia mpaka mguu uzoee kubaki pale pale. Kisha jaribu kukata usukani huku umeshikilia breki, uone jinsi gari linavyokupa kimoja na kukunyima kingine: tairi lina mshiko mmoja tu wa kugawa, na ukiumaliza wote kwenye breki hakuna unaobaki kwa ajili ya kona. Ndiyo maana breki inakanyagwa kabla ya kona, gari likiwa limenyooka.

Mlima, kwenye kupanda, chukua mwendo wako ukiwa bado chini na usiubadilishe. Mwachie nafasi kubwa aliye mbele, maana akikwama katikati na wewe ukasimama nyuma yake, mmekwama wawili. Kushuka ndiko kwa kuogopa. Ingiza gia ndogo kabla hujaanza kuteremka, injini ishikilie gari, breki uiguse kidogo kidogo tu. Kama gari lako ni la umeme, punguza ile breki ya kurudisha chaji kwenye betri, kwa sababu ukiachia pedali ghafla kwenye barafu inaweza kuyatelezesha magurudumu kama breki yenyewe. Nyuma likianza kukutoka, tazama unakotaka kwenda, si kwenye mti. Mikono hufuata macho.

Na daraja. Barabara ya kawaida ina ardhi chini yake, na ardhi inatunza joto. Daraja linapigwa na baridi juu na chini, kwa hiyo linaganda kwanza na kuyeyuka mwisho. Utatoka kwenye lami iliyolowa tu, salama, ukaingia kwenye barafu ambayo macho hayaioni kwa sababu iko wazi kama kioo na rangi yake ni ya lami iliyo chini yake. Kuna dalili. Magari yaliyo mbele yalikuwa yanarusha maji, ghafla hayarushi tena ingawa barabara bado inang'aa. Ule mvumo wa matairi unakatika, gari linakuwa kimya kama limezimwa. Usukani unakuwa mwepesi mkononi. Ukipata hata moja kati ya hizo, usifanye kitu chochote kwa ghafla: usikanyage breki, usiongeze mafuta, usibadilishe njia, shikilia usukani umenyooka na uache gari livuke. Mwendo unapaswa uwe umeshaupunguza kabla ya kuingia darajani, na kwa wiki za mwanzo fanya hivyo kila siku hata pakionekana pakavu.

Ndani ya gari weka koleo fupi, mfuko wa mchanga, blanketi na tochi. Ukikwama na injini inanguruma, shuka kwanza ukatoe theluji kwenye bomba la moshi. Likiziba, moshi unarudi ndani, na ile hewa inayoua ndani yake haina harufu.

Hayo matairi uliyonayo usiyatupe. Wakati yamepumzika hayaishi, na seti mbili zinazopokezana zinakaa muda mrefu kuliko moja. Ukiyatoa, yaandike kwa chaki lilipokuwa kila moja, mbele kulia, nyuma kushoto, yaoshe, yakaushe, uyaweke mahali penye giza pasipo na joto. Yenye rimu yalaze moja juu ya jingine. Yasiyo na rimu yasimamishe, na kila baada ya wiki kadhaa uyazungushe kidogo yasipate bapa. Joto la asubuhi likizoea kuwa juu ya nyuzi 7, yarudishe. Usisubiri mpaka Juni, maana mpira laini kwenye lami ya moto unachelewa kusimama, na unaisha huku ukiutazama.